Mwambie Aliyeandika Amrudishe

Nilipohamishiwa Newala kufundisha Kiswahili, nilitoka kwetu Tukuyu na sanduku la nguo pamoja na mfuko wa salfeti uliojaa riwaya. Nyingi zilikuwa za mapenzi ya zamani: watu wanaopendana wakati wa misafara ya pembe, wakati wa Wajerumani, wakati wa njaa zilizopewa majina. Nilikuwa nazisoma tangu shule na sikuona aibu. Walimu wenzangu walizifungua, wakasoma nusu ukurasa, wakacheka, wakazirudisha. Aliyezichukulia kwa uzito alikuwa mwalimu wa historia, mwenyeji wa kijiji cha Makote, mwanamume mrefu aliyevaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya ule upepo wa Newala.

Aliazima moja, akakaa nayo, kisha akaja nayo kwenye meza yangu ofisini.

"Huyu binti anakunywa chai yenye sukari," alisema. "Zama hizo, kijijini kwao, sukari ameitoa wapi?"

"Lakini mapenzi yenyewe yamekaa sawa?"

Alifikiri. "Mapenzi yamekaa sawa. Sukari ndiyo imeniharibia."

Kesho yake akaniletea kitabu chake na yeye. Kilikuwa kitabu cha mila na desturi za watu wa kusini, kimepoteza jalada, kimeshonwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na kila kitu: chale za usoni na maana zake, ndonya zinazovaliwa kwenye mdomo wa juu, vyungu, unyago, jinsi mume anavyokwenda kuishi kwao mke, jinsi mjomba anavyoogopwa kuliko baba. Nilikisoma chote. Nilipokirudisha nilimwambia kwamba kitabu chake kinajua upana wa ndonya, ila hakijui kama mwanamke aliyeivaa alikuwa anacheka.

"Alikuwa anacheka," alisema. "Bibi yangu alikuwa nayo. Alicheka sana."

"Basi mbona hawakuandika?"

Kuanzia hapo tukawa tunabadilishana vitabu, yeye vyangu na mimi vyake, na kila kimoja kilirudi na maneno. Wanafunzi walijua kabla yetu.

Tulipooana, mama yake aliniuliza kwa upole kabisa kama mwanawe atahamia Tukuyu, maana kwao ndivyo ilivyokuwa, mume humfuata mke. Nilimwambia hapana, tutakaa hapa hapa. Alishukuru, kisha akasikitika, kwa sababu kwa mila yao mtoto ni wa ukoo wa mama, na watoto bado wangekuwa wa kwetu. Dada yake mkubwa, wifi yangu, ndiye aliyenieleza baadaye kwamba yale machozi ya mama yao niliyoyaona siku ya harusi yalikuwa ya hesabu hiyo. Wifi hakuwa mtu wa kuficha. Alikuwa na shamba la mikorosho Makote, sauti kubwa, na mapenzi makubwa kwa mdogo wake.

Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Mimi nilikuwa na Kinyakyusa changu na yeye Kimakonde chake, na hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Nilijua salamu na maneno ya sokoni. Akipigiwa simu na dada yake alihamia kwenye Kimakonde na sauti yake ikawa nzito zaidi, na mimi niliendelea na kazi zangu nikiisikiliza bila kuielewa. Niliipenda hiyo sauti. Tulizaa mtoto mmoja, binti, naye akakua na Kiswahili chetu cha walimu.

Mume wangu mwenyewe alianza kuandika binti yetu alipokwenda sekondari. Nilikuwa nimemchokoza miaka yote hiyo: wewe unayekosoa sukari za watu, andika yako. Jioni moja alikaa barazani na karatasi za mitihani zilizobaki nyeupe upande mmoja, akaandika hadi mwanga ukaisha.

Ilikuwa hadithi ya msichana wa Newala wa zamani, zile enzi ambazo kule juu mlimani hapakuwa na maji. Wanawake walitoka gizani wakashuka lile korongo kubwa hadi bondeni, wakateka, wakapanda nayo kichwani, na jua likawakuta njiani. Msichana wake alikuwa mmoja wa hao. Kulikuwa na kijana wa bondeni, upande wa Ruvuma, aliyekuwa akiwasindikiza wanawake sehemu yenye wanyama. Hawakuwa na nafasi ya kuzungumza, kwa sababu anayepanda na mtungi hana pumzi ya maneno. Basi mapenzi yao yalikuwa ya kutembea tu, yeye mbele na mkuki, msichana nyuma na maji. Mwishowe wakazungumza, na posa ikaanza kusemwa. Kisha vita vya Wazungu vikafika, na kijana akakamatwa kwenda kubeba mizigo.

Kila alichoandika alinisomea alasiri baada ya shule. Mimi nilikuwa na kazi ya kumzuia asifundishe.

"Hapa umeweka somo," nilimwambia. "Msichana anaona mtungi. Haoni aina ya udongo."

"Lakini udongo huo ni wa kule Chilangala, ni tofauti."

"Yeye anauona uzito."

Alikata mstari. Akasoma tena. Alikuwa anakata bila kinyongo, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Na yeye alinikatalia yangu. Nilipotaka msichana aseme nakupenda, alisema hakuna mtu aliyesema hivyo. Alikwenda kuwauliza wazee wa kike Makote ilikuwaje, akarudi anacheka peke yake njia nzima. Walimwambia kwamba msichana aliyekupenda alikunywesha maji kabla hujayaomba. Ndio tu. Maji yaliyopanda mlima ule, akupe bila kuombwa. Sura hiyo ndiyo bora kuliko zote, na nikiisoma sasa siwezi kuimaliza.

Tuligombana juu ya jambo moja: mwisho. Nilitaka kijana arudi.

"Wapagazi wengi hawakurudi," alisema.

"Wengine walirudi."

"Wachache, mwalimu. Ukisoma vitabu vyote, ni wachache." Tuliitana mwalimu hata chumbani.

"Mimi nakuuliza huyu mmoja."

"Nikimrudisha nitakuwa naweka sukari."

Basi hadithi ikasimama hapo, msichana anapanda korongo, huku njia mbele yake haina mtu. Alisema ataimalizia likizo, akishapulizia mikorosho ya dada yake. Mimi nilikuwa nimeipiga chapa yote kwenye kompyuta na kuitoa kwenye karatasi, ikawa na unene wa kitabu. Alilipenda sana lile bunda. Alikuwa analishika tu, hata asipolisoma.

Kiharusi kilimkuta bafuni, asubuhi ya siku ya shule. Nilisikia ndoo ikianguka. Nilimkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, ananitazama kama mtu anayetaka kunieleza jambo la kawaida, na mdomo wake umekwenda upande. Majirani walisaidia kumtoa. Tuliteremka naye hadi Masasi kwenye gari la mwalimu mmoja, barabara ikiwa inatengenezwa, vumbi linaingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Nilimfunika uso kwa kitenge changu. Mkono wake wa kushoto ulinishika. Wa kulia ulikuwa umelala tu.

Hakusema neno kwa muda mrefu. Wifi alikuja kutoka Makote na mkeka wake, akatandika chini ya kitanda cha wodini, akakaa. Tulikuwa tunamlisha uji kwa zamu. Siku aliyozungumza mimi nilikuwa nje nafua. Wifi alitoka mbio, analia na kucheka, akanivuta mkono. "Ameomba maji! Wifi, ameomba maji!"

Niliingia. Nikamwambia shikamoo mwalimu, utani wetu, maana alikuwa amenizidi umri. Alinitazama akatabasamu kwa upande mmoja. Akasema maneno mengi. Sikuelewa hata moja. Nikamgeukia wifi.

"Anasema umekonda," wifi alisema. "Anasema ukale."

Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba nitakula. Alikunja uso, kama mtu anayesikiliza redio iliyo mbali. Nikarudia polepole. Alimtazama dada yake, na dada yake akamwambia kwa Kimakonde, naye akaitikia kwa kichwa.

Tulidhani ni uchovu. Daktari, kijana mstaarabu mgeni wa huko kama mimi, alitueleza kwamba ugonjwa umegusa sehemu ya maneno. Wapo wanaopoteza lugha zote, alisema, na wapo ambao ile ya utotoni inabaki na ya shule inaondoka. Huenda ingerudi, huenda isirudi. Hakutaka kutudanganya. Nilimuuliza kama mume wangu ananijua. "Anakujua kabisa, mama," alisema. "Hilo lisikusumbue."

Kwa hiyo nilikuwa na mume anayenijua, na lugha tuliyopendania haikuwepo. Vitabu vyote vile, miaka yote ile ya kukosoana, nakupenda yangu aliyoikata, vyote vilikuwa vya Kiswahili.

Binti yetu alipiga simu kutoka chuoni Dodoma. Nilimtayarisha, nikamwambia baba anazungumza ila ni Kimakonde tu. Alisema haidhuru, nataka sauti yake. Niliweka simu sikioni kwa baba yake. Nilisikia "Shikamoo baba," na yeye uso wake ukafunguka, akaanza kusema, akasema mengi, akauliza kitu, akangoja. Upande wa pili palikuwa kimya. Akauliza tena. Kisha akanitazama na kunirudishia simu, na binti yangu alikuwa analia kiasi kwamba hakuweza kuniambia baba amemuuliza nini, wala mimi nisingeweza kumfasiria.

Tulirudi Newala. Wifi alihamia kwetu, akawaachia watoto wake shamba. Nikamwambia anifundishe Kimakonde. Tulianza na mwili wa mume wangu: mkono, mguu, geuka, inauma wapi. Kisha chakula. Maji ni *medi*, hilo nililijua siku ya kwanza, kwa kuwa ndilo alilolisema mara nyingi zaidi. Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Sauti nyingine hazikukaa mdomoni, na yeye akinisikia alitetemeka bega kwa kicheko. Hicho kicheko nilikifanyia kazi. Siku nyingine nilikosea kusudi.

Lakini kujua geuka na inauma si kuzungumza na mume. Alasiri, saa zetu zile, nilikaa naye barazani tukiwa kimya, na nilihisi kwamba kila mmoja amekaa na mgonjwa wake. Ndipo nikatoa lile bunda la karatasi.

Nilimsomea ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili. Hakuonyesha chochote. Alishika karatasi kwa mkono wa kushoto, akazigeuza, akanirudishia kwa adabu. Wifi alikuwa jikoni anamenya mihogo. Aliuliza, "Unamsomea nini?"

"Hadithi yake."

"Basi mpe kwa lugha yake." Alikuja akajifuta mikono, akakaa kwenye kigoda. "Wewe soma, mimi nitasema."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Nilisoma sentensi mbili tatu, wifi akazisema kwa Kimakonde. Alikuwa ameishia darasa la saba na hakuwahi kusoma riwaya, ila alikuwa mtu wa masimulizi, na punde akawa hasubiri nimalize. Wanyama walipolia kwenye korongo, alilia yeye. Mume wangu alisogea mbele kwenye kiti. Macho yake yalikuwa kwa dada yake tu. Hakuwa mtu anayesikia kitu alichokitunga. Alikuwa anakisikia mara ya kwanza.

Niligundua hilo siku ya tatu au ya nne, alipomuuliza wifi jambo na wifi akanigeukia mimi.

"Amesemaje?"

"Ameuliza hadithi ni ya nani."

"Mwambie ni yake."

Wifi alimwambia. Alikataa, akacheka, akasema maneno. Wifi alifasiri huku anatazama chini. "Anasema yeye hajui kuandika hivyo."

Hatukumbishia. Tukaendelea kila alasiri isipokuwa mvua ikizidi kwenye mabati. Tulipofika kwenye sura ya kunywesha maji, nilimaliza na wifi akamaliza, na mume wangu alinyoosha mkono akachukua kikombe chake mezani, akanipa mimi. Maji yalikuwa yamebaki nusu. Nilikunywa yote. Wifi aliondoka akaenda nyuma ya nyumba.

Tulifika pale hadithi iliposimama. Msichana anapanda peke yake. Nilifunga karatasi. Alingoja. Aliuliza, na safari hii nilielewa bila kufasiriwa, kwa sababu maneno yalikuwa mafupi: je, kijana alirudi?

Nilimwambia, kwa Kimakonde changu kibovu, haijaandikwa.

Alikasirika. Sikuwa nimemwona na hasira tangu augue. Alipiga mkono wa kiti, akamwambia dada yake kitu kirefu, akanioneshea mimi kidole kisha zile karatasi.

"Anasema," wifi alianza, akaacha, akaanza tena. "Anasema umwambie aliyeandika amrudishe. Anasema huwezi kumpandisha mtoto wa watu mlima na maji kila siku halafu usimrudishie mtu wake. Anasema huyo aliyeandika hana huruma."

Niliandika sura hiyo mwenyewe, asubuhi, kabla ya vipindi. Iliniwia vigumu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, kwa sababu kila mstari nilimsikia yule mwingine, wa sweta na kalamu nyekundu, akiniuliza nimeyatoa wapi haya. Sikuweka sukari. Kijana alirudi amekonda, bega lake moja limeshuka kwa mizigo, hana mkuki. Alisimama sehemu ile ya njia. Msichana hakumkimbilia, kwa kuwa alikuwa na mtungi. Alipanda mbele yake, na yeye akamfuata nyuma, na walipofika juu ndipo alipoutua mtungi.

Tulimsomea Jumamosi. Wifi aliisema taratibu, bila madoido yake. Alipomaliza, mume wangu alitazama njia, kisha akasema neno moja ambalo nililijua, neno la kusema sawa, imetosha. Akaomba apelekwe kitandani. Alilala vizuri.

Alifariki kabla mabibo ya mikorosho hayajaiva, kiharusi cha pili, hapo hapo nyumbani, mchana, dada yake amemshika upande mmoja na mimi mwingine. Tulimzika Makote. Binti alikuja na basi la Dodoma, akakaa kwenye mkeka na bibi yake ambaye macho yalikuwa hayaoni tena, wakashikana mikono, kila mmoja akiomboleza kwa lugha yake.

Binti ndiye aliyetuma hadithi kwa mchapishaji mjini. Baada ya miezi mhariri alinipigia, mwanamke mwenye sauti ya upole. Alisema wameipenda, hasa yale maisha ya kutafuta maji, ni historia ambayo haijasimuliwa kwa mapenzi namna hii. Ila sura ya mwisho imeandikwa na mkono mwingine, inaonekana. Aliuliza ni nani.

"Ni ya mume wangu," nilisema.

"Samahani, mama. Nasema tu kwamba kihistoria ingekuwa na nguvu zaidi asiporudi. Wapagazi wengi hawakurudi. Tungeishia pale anapopanda peke yake."

Nilijua kwamba anasema kweli. Mume wangu mwenyewe angemuunga mkono, angemshukuru, angekata. Nilimwomba mhariri anipe siku za kufikiri, na sikumpigia tena, na alipopiga yeye nilimwambia sitaichapisha. Binti alinikasirikia. Nadhani bado. Karatasi ziko kwa wifi, Makote. Hasomi peke yake. Jirani zake wakija baada ya shamba anawasimulia bila kuzifungua, na nasikia kwake kijana anarudi na mbuzi.

Mwaka jana nilihamishiwa Masasi. Nyumba ni ndogo, na dirishani naona lile jiwe kubwa ambalo wageni hulipiga picha. Jumapili moja sokoni nilimkuta mama mmoja anauza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, amekaa pembeni peke yake, na alipozungumza na mwenzake nikasikia ni Kimakonde cha Newala. Nikamsalimia kwa lugha hiyo. Alishangaa, maana sura yangu haifanani na watu wa huko, akacheka matamshi yangu, akauliza nimejifunzia wapi.

Nilimwambia nimeolewa Makote.

"Oo," alisema. "Na baba hajambo?"

Neno la kufa ninalijua. Wiki ile ya msiba nililisikia kila saa. Nikamwambia hajambo, yuko nyumbani. Alinipimia ming'oko yangu kwenye kisado, akaimimina kwenye kikapu, kisha akachagua mitatu minene akaiweka juu. Hii ya mzee, akasema, mchemshie na chumvi kidogo, atakumbuka kwao.

Nikamshukuru. Nikaipokea.